Kwa Nini Chungu Kinaitwa Chungu

Zamani sana, kabla babu wa babu zetu hawajaonja mchuzi, moto ulikuwa wa kuchomea tu. Viazi vilifukiwa majivuni, nyama ilichomekwa kwenye vijiti, ndizi zilitupwa juu ya makaa mpaka maganda yakababuka. Mtu akitaka maji ya moto, alipasha mawe yakawa mekundu, akayatumbukiza moja baada ya jingine ndani ya buyu, akapata maji ya vuguvugu yenye majivu na changarawe. Buyu lenyewe halikuweza kukaa motoni. Lingeungua na maji yangeuzima moto. Uji haukuwako. Asiye na meno alitafuniwa na mwenye meno. Mgonjwa asiyeweza kutafuna wala kutafuniwa alilazwa chini, na watu wake wakangoja mwili wake uamue wenyewe.

Siku hizo, chini ya milima, karibu na kijito chenye kingo za udongo mweusi, alikaa mjane aliyeitwa Nakiete. Alikuwa mwembamba, mchache wa maneno, na mikono yake haikujua kutulia. Kazi yake ilikuwa kusuka vikapu. Hata alipokaa kuongea na wenzake, vidole viliendelea kuzungusha majani: kwanza kitufe kidogo katikati, halafu mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kitako kikawa tumbo na tumbo likawa mdomo. Watu walisema Nakiete akilala vidole vyake bado vinasuka.

Alibakiwa na mtoto mmoja, binti, Namvua, aliyezaliwa siku ya mvua kubwa. Namvua aliolewa na Kajiru, kijana mrefu wa ng'ambo ya kijito. Kwa desturi ya watu wale, mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni wala hakusema naye. Kajiru akimwona Nakiete anakuja, aliiacha njia, akageukia vichaka mpaka apite. Akiwa na neno, alimwambia Namvua, naye Namvua akalipeleka kwa mama yake, na jibu likarudi kwa mguu uleule. Miaka miwili walikaa hivyo kwa amani. Namvua alizoea kubeba maneno yao, na mara nyingine aliyaongezea kidogo njiani ili kila mmoja acheke upande wake.

Namvua alijifungua mtoto wa kike mwishoni mwa masika. Uchungu ulimshika siku nzima na mtoto akatoka salama, analia vizuri. Lakini siku ya tatu homa ikaingia. Alitetemeka chini ya ngozi tatu, kisha akazitupa zote akisema anaungua. Maziwa yakaanza kukauka. Nakiete alihamia kwa binti yake, akakaa upande wa kitanda, na Kajiru akahamia uani, nyuma ya ukuta wa fito, kwa sababu ya mkwe.

Mkunga aliyemzalisha, bibi mmoja aitwaye Nankondo, alikuja akamshika Namvua shingoni kwa mgongo wa mkono.

"Homa hii unaijua, mwanangu," alimwambia Nakiete.

"Naijua. Ndiyo iliyomchukua dada yangu."

"Basi sikufichi kitu. Dawa yake ni gome la ule mti mchungu wa juu ya korongo. Mwenye nguvu hulitafuna akapona. Huyu hana nguvu."

Walijaribu hata hivyo. Namvua alitafuna kipande kidogo kuliko ukucha, akatapika mpaka macho yakatoka machozi, akabaki dhaifu kuliko mwanzo.

"Dawa imelala ndani ya gome," alisema Nankondo. "Marehemu mama yangu alikuwa akisema, gome lile lingekaa majini juu ya moto, kuanzia jua linapochomoza mpaka jua la utosi, lingetoa kila kilichomo, na mgonjwa angekunywa tu. Lakini nani amewahi kuweka maji juu ya moto mpaka jua la utosi?"

Nakiete aliinuka. Alikoka moto, akapasha mawe, akaanza kuyatumbukiza ndani ya buyu lenye gome. Buyu la kwanza lilipasuka. La pili likapasuka. La tatu lilivumilia kidogo, likatoa maji yenye rangi hafifu, na Namvua alipoyanywa hayakumfanya lolote. Nalo likapasuka, na mabuyu ya nyumba ile yakawa yamekwisha.

Asubuhi yake Nakiete alishuka kijitoni. Alisema anakwenda kuchota maji ya kumpoza mgonjwa, lakini hakuwa na kitu cha kuchotea. Alikwenda ili alie mahali ambapo binti yake hatamsikia. Alikaa ukingoni, pale ambapo Kajiru alikuwa amechoma pori wiki iliyopita ili alime. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha alfajiri. Alipokwisha kulia aliinama kunawa uso, na hapo, karibu na goti lake, akaona maji mahali pasipostahili kuwa na maji.

Palikuwa na nyumba ya wadudu. Ni wale wadudu wadogo weusi ambao hata kabla ya siku ile watu waliwaita chungu, wanaotembea kwa msururu na kung'ata wakikanyagwa. Walikuwa wamejenga ukuta wa duara kuzunguka tundu lao, kama kiganja kilichokunjwa. Moto wa Kajiru ulipita juu yake. Tundu lilikuwa limezibwa na tope, na tope na ukuta vyote vilikuwa vimeungua pamoja, vyekundu, vigumu. Ndani yake mvua ilikuwa imetuama. Maji yalikaa mle bila kuzama na bila kuvuja, na chungu wawili walikuwa ukingoni wanakunywa.

Nakiete aliugusa ukuta ule. Haukubonyea. Hatua moja kando, wadudu walewale walikuwa wanajenga nyumba nyingine mpya, udongo ungali mweusi na mbichi. Aliigusa hiyo kwa kidole kilicholowa, ikayeyuka. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili. Kisha akakaa kitako kuwatazama wenyewe wanavyofanya kazi. Kila mmoja alipanda na kitonge mdomoni, akakiweka kando ya kitonge cha mwenzake, mpaka mzunguko ukafunga, wakaanza mzunguko mwingine juu yake. Alitazama mpaka miguu ikafa ganzi.

"Ni kikapu," alisema.

Alichimba udongo ukingoni kwa mikono, akijihadhari asiharibu nyumba yao. "Mnisamehe," aliwaambia chungu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Nachukua kidogo tu. Nina mgonjwa."

Siku ileile alisuka udongo. Aliuviringisha mapajani ukawa kamba, akafanya kitufe cha katikati, akazungusha kamba juu ya kamba, akalainisha kwa kidole gumba. Kilipokwisha, chombo hakikuzidi viganja viwili vilivyokutanishwa. Hakungoja. Alikiweka motoni kikiwa bado kibichi, na kabla hajakaa vizuri kililipuka, vipande vikaruka mpaka mlangoni. Kesho yake alifinyanga cha pili akakianika juani. Jioni kilikuwa na ufa kuanzia mdomoni hadi kitakoni, na alipokishika kiligawanyika mikononi mwake kama mkate.

Namvua wakati huo alikuwa halali wala hayuko macho. Mtoto alinyonyeshwa na mama jirani, akarudishwa, akapelekwa tena. Nakiete alikaa na nusu mbili za udongo mapajani. Alimkumbuka dada yake, jinsi alivyoomba maji siku ya mwisho, na maji yenyewe yalikuwa baridi, na hakuna kingine kilichoweza kufanywa.

Nyuma ya ukuta wa fito, Kajiru alikohoa. Alikuwa amempakata mtoto, ameipa nyumba mgongo. Njia ya maneno yake ilikuwa imelala kitandani, haijiwezi, naye alikuwa na neno tangu asubuhi. Mwisho alimwinamia mtoto.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kufika ndani, "mwambie bibi yako kwamba baba yako amekwenda kutazama nyumba ya wale chungu. Ameivunja kidogo pembeni, atawaomba radhi. Hawajengi kwa udongo mtupu. Katika kila kitonge kuna punje za mchanga."

Nakiete aliinua kichwa. Akavibonyeza vipande vyake kati ya vidole. Vilikuwa laini kama mafuta, havina hata punje moja.

"Mjukuu wangu," alijibu, naye akiutazama ukuta mwingine, "mwambie baba yako bibi amesikia. Mwambie alete mchanga wa chini ya maporomoko, ule mwembamba. Na mwambie ahsante."

Mtoto, mwenye siku sita duniani, aliufikisha ujumbe kwa kupiga miayo.

Kajiru alileta mchanga, akauacha kizingitini, akarudi nyuma ya ukuta. Nakiete aliuchanganya na udongo, akakanda mpaka mikono ikauma, akafinyanga cha tatu. Safari hii hakukianika juani. Alikiweka kivulini, ndani, kando ya mkeka wa binti yake ambako joto la jiko lilikifikia kwa mbali, akawa anakigeuza upande huu na upande ule, kama mtoto mchanga anavyogeuzwa asilale ubavu mmoja. Alifanya hivyo siku mbili. Alimgeuza Namvua, akakigeuza chombo, akamgeuza tena Namvua.

Siku ya pili adhuhuri, Namvua alifumbua macho.

"Mama, unasuka nini?"

"Nasuka udongo."

"Udongo hausukwi."

"Lala, mwanangu."

Namvua akasema, "Mtoto hajapewa jina. Nikienda, umpe wewe."

"Sitampa," alisema Nakiete. "Mimi nilishazaa nikatoa majina yangu. Wako utampa mwenyewe."

Akageuka upesi kukitazama chombo, ingawa kilikuwa hakihitaji kutazamwa.

Kulipopambazuka alikuta nyuma ya nyumba samadi kavu, mabua na kuni zilizopasuliwa nyembamba, zimepangwa kwa ukubwa. Hakuuliza ni nani. Alikifunika chombo kichwa chini, akakizungushia samadi, akawasha moto mdogo kwanza, wa moshi tu, akauongeza taratibu. Kila moto ulipopiga mlio alishika kifua. Jua likapanda. Moto ukawa mkubwa, ukawa mweupe katikati, kisha ukaanza kuanguka. Hakuufukua mpaka majivu yalipopoa kiasi cha kuvumilika.

Chombo kilikuwa kizima. Mdomo wake ulielemea upande mmoja, na ubavuni kilikuwa na doa jeusi la moshi. Nakiete alikigonga kwa ukucha. Kiliitika.

Alfajiri iliyofuata, jua likichomoza, alikiweka juu ya mafiga matatu, akatia maji, akatia gome. Nankondo alikuwa amekuja kumuaga mgonjwa, maana alihesabu siku na alijua zimebaki ngapi. Alikaa pembeni. Kwa muda maji yalinyamaza. Baadaye yakaanza kutoa sauti ndogo, kisha kubwa zaidi, yakapanda na kushuka, yakigonga ukuta wa chombo. Hakuna mtu wa nchi ile aliyewahi kusikia maji yakifanya hivyo. Nankondo alirudi nyuma hatua mbili.

"Kinaongea," alisema.

"Acha kiongee," alisema Nakiete, akasukuma kuni.

Kiliongea mpaka jua la utosi. Aliongeza maji yalipopungua, na mwisho maji yakawa na rangi ya asali iliyokaa muda mrefu, na harufu yake ikajaa nyumba. Alikiepua kwa majani ya mgomba, akakipoza, akakaa na kichwa cha Namvua kifuani pake, akamsogezea ule mdomo ulioelemea upande.

Namvua alikunywa funda moja. Uso ukakunjamana wote. Nakiete alingoja atapike. Hakutapika. Akanywa la pili, la tatu, akapumzika. Kisha akainua mkono uliobaki mifupa, akauelekeza kwenye kile chombo, na kwa sauti ambayo mama yake hakuisikia tangu juzi adhuhuri akasema:

"Chungu."

Nakiete aliduwaa. Dawa ilikuwa chungu, hilo alilijua, harufu peke yake ilitosha. Lakini ukingoni mwa chombo palikuwa na mdudu mmoja mweusi anatembea, labda alifuata unyevu, na kidole cha Namvua kilikuwa kama kinamwonyesha huyo. Au kilionyesha chombo chenyewe. Hakujua. Alijua tu kwamba binti yake ameonja kitu, amekitambua, na amekitaja.

Kutoka nyuma ya ukuta ilisikika sauti ya Kajiru. "Mwanangu, mama yako amesema nini?"

Nakiete alitaka kujibu kwa njia ileile, kupitia kwa mtoto, lakini Namvua alifungua mdomo tena, naye akamsogezea chombo. Kajiru alingoja. Kisha akasahau kumtuma mtoto, akasahau ukuta, akasimama mlangoni akimtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Mama, atapona?"

"Atapona, baba," alisema Nakiete. "Ingia umshike. Mimi nishike chombo."

Akaingia, akamshika. Nankondo, aliyekuwa mlinzi wa desturi zote za mji, aliona kijito kina mambo ya kutazamwa, akatoka nje kukitazama.

Namvua alikunywa dawa ile siku tatu. Siku ya kwanza alitoka jasho mpaka mkeka ukalowa. Siku ya pili aliomba apewe mtoto. Siku ya tatu Nakiete alikisugua chombo kwa mchanga, akatia maji na unga wa mtama, akakoroga kwa kijiti huku akiogopa, kwa sababu hakujua kitatokea nini. Kilichotokea ni uji. Namvua aliumaliza wote, na maziwa yakarudi. Mtoto akapata jina, akapewa na mama yake mwenyewe.

Habari zikaenea. Wakaja watu kutoka juu milimani na kutoka tambarare, wakakaa uani kusikiliza maji yanavyoongea. Wazee wasio na meno walipewa mchuzi. Mmoja wao alilia, akasema hakula nyama tangu afe mke wake aliyekuwa akimtafunia. Wanawake walimwomba Nakiete awafundishe, naye aliwashusha kijitoni, akawaonyesha chungu wanavyojenga, akawafundisha kuomba radhi kabla ya kuchimba. Msimu haukuisha vyombo vikawa vimepangwa uani, vimepandana, havihesabiki.

"Kinaitwaje?" watu waliuliza.

"Muulizeni aliyekunywa kwanza," alisema Nakiete. "Yeye ndiye aliyekitaja."

Wakamwendea Namvua, akiwa anamnyonyesha mtoto mlangoni.

"Mimi nilisema tu chungu," alisema.

"Lakini ulimaanisha nini? Wale wadudu? Au ile dawa?"

Namvua alifikiri. Alikumbuka kitu cheusi kinachotembea, na ladha iliyomrudisha kutoka alikokuwa, na maumivu ya siku zile zote, na mikono ya mama yake iliyonuka moshi na udongo.

"Sikumbuki," alisema. "Nadhani yote."

Na tangu siku hiyo chombo cha udongo kinaitwa chungu. Ukimsikia mtu anasema chungu hiki, anasema habari ya kile kilichoko jikoni. Akisema chungu hawa, tazama miguu yako. Akisema dawa hii ni chungu, kunywa hivyohivyo. Na vitu vikizidi hesabu, kama vyombo vile vilivyojaa uani kwa Nakiete, twasema viko chungu nzima. Mwanamke anayejifungua bado twasema ameshikwa na uchungu, na akishatua mzigo wake, cha kwanza anachopewa ni uji wa moto kutoka chunguni, na anayempa humshikia mpaka amalize. Lugha yetu ni pana. Watu wale wangeweza kutafuta neno jingine la chombo kile, na wageni waliposhangaa waliwashauri mara nyingi watafute. Hawakutafuta.